Umeme Unapokatika: Jinsi Kumbukumbu ya Kompyuta Inavyohifadhi Taarifa

Umeme unapokatika ghafla katika Manispaa ya Morogoro, kama inavyoweza kutokea wakati wa mvua kubwa zinazoshuka kutoka Milima ya Uluguru, mambo mawili yanayoonekana kupingana hutokea ndani ya nyumba moja. Mwanafunzi aliyekuwa akiandika kazi yake kwenye kompyuta ya mezani, na ambaye hakuwa ameihifadhi, huipoteza yote. Lakini mita ya LUKU iliyopo ukutani, ambayo nayo imezimika dakika hiyohiyo, huwaka tena umeme unaporudi ikiwa na uniti zilezile zilizobaki.

Vifaa vyote viwili vina kumbukumbu ya kielektroniki, na vyote viwili vimekosa umeme kwa muda uleule. Tofauti iko katika sehemu ndogo kabisa ya kumbukumbu hizo, isiyoonekana kwa macho, ambamo chaji ya umeme huwekwa ili kuwakilisha taarifa. Katika aina moja ya kumbukumbu chaji hiyo huvuja ndani ya muda mfupi. Katika aina nyingine hufungiwa, ikabaki mahali pake kwa miaka.

Kuelewa tofauti hiyo si jambo la wataalamu peke yao. Taarifa za mwananchi, kuanzia namba ya kitambulisho, majibu ya Sensa, picha za familia hadi hesabu za chama cha ushirika, sasa zimo ndani ya kumbukumbu za aina hizo. Anayejua zinavyofanya kazi anajua pia ni lini taarifa zake ziko salama, ni lini ziko hatarini kupotea, na ni lini alizodhani zimefutika bado zipo.

Lugha ya tarakimu mbili

Kompyuta haihifadhi herufi, picha wala sauti kama binadamu anavyoziona. Kila kitu hugeuzwa kwanza kuwa mfululizo wa tarakimu mbili tu, yaani 0 na 1. Tarakimu moja ya aina hiyo huitwa biti, na biti 8 huunda baiti moja. Katika utaratibu wa kawaida wa kuandika herufi za Kilatini, herufi moja huchukua baiti moja.

Neno Morogoro lina herufi 8, hivyo huhitaji baiti 8, sawa na biti 64. Herufi kubwa M huandikwa 01001101, herufi ndogo o huandikwa 01101111, r huandikwa 01110010 na g huandikwa 01100111. Mtu akizihesabu tarakimu zote za neno hilo atapata 1 mara 41 na 0 mara 23.

Sababu ya kutumia tarakimu mbili badala ya kumi ni ya kiufundi. Ni rahisi kutengeneza kifaa kinachotofautisha hali mbili, mathalani chenye chaji na kisicho na chaji, kuliko kutengeneza kinachotofautisha hali kumi bila kukosea. Hivyo suala zima la kumbukumbu ya kompyuta hurudi kwenye swali moja: namna gani kipande kidogo cha silikoni kinaweza kushika hali moja kati ya mbili, kuitunza, na kuisema tena kinapoulizwa?

Transista, swichi isiyo na kidole

Msingi wa jibu hilo ni transista. Hiki ni kifaa kilichotengenezwa kwa silikoni, madini ambayo kwa asili hayapitishi umeme vizuri kama shaba wala hayauzuii kabisa kama kioo. Transista ya kwanza iliundwa mwaka 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani. Aina inayotumika zaidi leo katika kumbukumbu ilioneshwa katika maabara hizohizo mwaka 1959 na Mohamed Atalla na Dawon Kahng.

Transista hiyo hufanya kazi kama swichi ya taa, ila haibonyezwi kwa kidole. Ina njia ya umeme yenye mlango wa kuingilia na wa kutokea, na juu ya njia hiyo kuna sehemu inayoitwa lango. Kati ya lango na njia kuna tabaka jembamba la kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Lango likipewa volti ya kutosha, njia hufunguka na umeme hupita. Volti ikiondolewa, njia hufunga.

Swichi hizo zimepunguzwa ukubwa kiasi kwamba mabilioni yake hutoshea katika kipande cha silikoni chenye ukubwa wa kucha. Simu janja yenye RAM ya gigabaiti 8 ina karibu seli bilioni 69 za kuhifadhia biti katika sehemu hiyo pekee.

RAM: chombo kinachovuja

RAM ni kumbukumbu ya kazi. Programu inayotumika, ukurasa unaosomwa na barua inayoandikwa hukaa humo wakati kifaa kimewashwa. Aina ya RAM iliyoenea zaidi hutumia seli yenye vitu viwili tu: transista moja na kapasita moja. Muundo huo ulibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM, ambaye alipewa hataza yake nchini Marekani mwezi Juni 1968. Chipu ya kwanza ya RAM inayohitaji kuhuishwa kuuzwa kwa wingi, Intel 1103, iliingia sokoni mwaka 1970 ikiwa na biti 1,024.

Kapasita ni chombo cha kuwekea chaji ya umeme. Inaweza kulinganishwa na ndoo: ikijazwa husomwa kama 1, ikiwa tupu husomwa kama 0. Transista ndiyo bomba linalofunguliwa ili kujaza, kumwaga au kuangalia kilichomo. Kwa neno Morogoro lililotajwa hapo juu, katika mpangilio huo ndoo 41 zitakuwa na chaji na 23 zitakuwa tupu.

Tatizo ni kwamba ndoo hiyo inavuja. Kapasita ya seli moja ni ndogo mno. Hushika makumi ya maelfu ya elektroni, kiasi ambacho hakiwezi kukaa muda mrefu kwa sababu transista hata ikifungwa haizibi kabisa. Ikiachwa bila kuangaliwa, chaji hupungua hadi kompyuta ishindwe kujua kama ndoo ilikuwa imejaa au tupu.

Suluhisho ni kuijaza upya kila mara. Saketi maalumu hupita katika safu zote za seli, husoma kila moja na kuirudishia kiwango chake. Kwa viwango vinavyotumiwa na watengenezaji, kila seli hutakiwa kuhuishwa ndani ya milisekunde 64, yaani takriban mara 16 kila sekunde. Joto la chipu likizidi nyuzijoto 85 za Selisiasi muda huo hupunguzwa kwa nusu, kwa kuwa joto huongeza uvujaji.

Hata kusoma kwenyewe huondoa kilichosomwa. Bomba linapofunguliwa, chaji kidogo ya kapasita hutoka na kuingia katika waya mrefu unaohudumia seli nyingi. Saketi ya kuhisi huangalia iwapo volti ya waya huo imepanda au imeshuka kidogo, huamua kama ni 1 au 0, kisha huandika tena jibu hilo katika seli ileile. Shughuli hiyo yote hukamilika ndani ya makumi ya nanosekunde.

Hapo ndipo ilipo sababu ya mwanafunzi wa Morogoro kupoteza kazi yake. Umeme ulipokatika, saketi ya kuhuisha ilisimama pia. Ndoo ziliendelea kuvuja na hakukuwa na wa kuzijaza. Chaji haipotei papo hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani na wenzao ulionesha kwamba baadhi ya taarifa hubaki katika RAM kwa sekunde kadhaa baada ya kuzimwa, na kwa muda mrefu zaidi chipu ikipozwa sana. Lakini kwa mtumiaji wa kawaida, kompyuta inapowashwa upya kilichokuwa katika RAM kimekwisha.

Kumbukumbu ya haraka karibu na kichakataji

Ndani ya kichakataji chenyewe kuna kumbukumbu nyingine ndogo, yenye kasi kubwa kuliko RAM ya kawaida. Seli yake haina kapasita. Ina transista 6, na 4 kati ya hizo zimepangwa katika jozi mbili zinazotazamana. Jozi moja ikitoa 1 huilazimisha ya pili kutoa 0, na ile ya pili ikitoa 0 huilazimisha ya kwanza kuendelea kutoa 1. Kila moja humshikilia mwenzake, kama watu wawili waliosimama wakiegemeana migongo.

Seli ya aina hiyo haihitaji kuhuishwa, na husomwa bila kuharibu kilichomo. Hata hivyo, huchukua nafasi kubwa zaidi na ni ghali, ndiyo maana hutengenezwa kwa megabaiti chache tu. Nayo husahau umeme unapokatika, kwa kuwa kinachoziweka jozi hizo katika hali zao ni umeme wenyewe.

Kutoka pete za sumaku hadi silikoni

Kumbukumbu za kompyuta hazikuwa hivi tangu mwanzo. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa aina ya ICT 1500, na kama kompyuta nyingi za wakati huo ilitumia kumbukumbu ya pete za sumaku. Kila biti ilikuwa na pete yake ndogo ya feraiti, iliyopitishiwa nyaya nyembamba katikati. Mkondo wa umeme uliopita katika nyaya hizo uliisumakisha pete kuelekea upande mmoja au mwingine, na upande huo ndio uliosomwa kama 0 au 1.

Pete hizo zilikuwa na sifa moja ambayo RAM ya leo haina: zilikumbuka hata umeme ulipozimwa, kwa sababu usumaku haukuhitaji umeme ili kuendelea kuwapo. Lakini zilikuwa kubwa, ghali, na ufumaji wa nyaya zake ulihitaji kazi nyingi ya mikono. Kumbukumbu nzima ya kompyuta za kizazi hicho ilihesabiwa kwa maelfu ya herufi, wakati kadi ndogo ya simu leo hubeba mabilioni.

Silikoni ilileta wingi na bei nafuu, ila ikaleta pia usahaulifu. Kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta silikoni isiyosahau.

Lango lililofungiwa

Wazo la msingi lilitolewa mwaka 1967 na Dawon Kahng, aliyekwishatajwa, pamoja na Simon Sze. Walipendekeza transista yenye lango la pili lililozungukwa na kihami pande zote, lisilounganishwa na waya wowote. Mwaka 1971, Dov Frohman wa kampuni ya Intel alitengeneza chipu iliyotumia lango la aina hiyo. Ili kuifuta ilibidi imulikwe kwa mwanga wa urujuanimno. Baadaye Mjapani Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba aliwasilisha kwa wanasayansi kumbukumbu inayofutwa kwa umeme kwa mkupuo, ambayo leo hujulikana kama flashi. Ilikuwa mwaka 1984, mwaka uleule ambao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilianzishwa mjini Morogoro.

Flashi ndiyo iliyomo katika simu, vishikwambi, kadi za kumbukumbu, diski mweko na kompyuta nyingi mpya. Katika seli yake, kuandika ni kusukuma elektroni zipenye katika kihami na kuingia katika lango lililofungiwa. Kwa kuwa kihami hakipitishi umeme, elektroni hulazimishwa kwa volti kubwa, kiasi cha volti 15 hadi 20, inayozalishwa ndani ya chipu yenyewe ingawa kifaa hutumia betri yenye volti chache. Tabaka la kihami ni jembamba kiasi kwamba, chini ya msukumo huo, elektroni hupenya upande wa pili. Volti ikiondolewa hubaki zimenaswa.

Kusoma ni rahisi zaidi. Elektroni zilizonaswa hufanya transista iwe ngumu kufunguka. Saketi hujaribu kuifungua kwa volti ya wastani: ikifunguka, lango ni tupu, ikikataa, lango lina elektroni. Elektroni zenyewe haziguswi, hivyo taarifa inaweza kusomwa mara nyingi na kifaa kikazimwa bila kuipoteza.

Ikiwa seli ya RAM ni ndoo inayovuja, seli ya flashi ni mtungi uliozibwa kwa udongo. Kuuzibua ni kazi, ndiyo maana flashi huandika polepole kuliko RAM na hufuta kwa vitalu vikubwa badala ya seli mojamoja. Lakini kilichomo hukaa.

Kubonyeza neno "hifadhi" kwenye kompyuta ni kuagiza nakala ya kilichomo katika ndoo ipelekwe kwenye mitungi. Kabla ya hapo, kazi inayoonekana kwenye kioo ipo katika RAM peke yake.

Mita ya LUKU na biti 24

Mita ya LUKU inaonesha jambo hilo kwa vitendo. Salio la uniti na ufunguo wa siri unaoiwezesha mita kutambua tokeni za mteja wake huwekwa katika kumbukumbu ya kudumu, kwa kawaida yenye seli za lango lililofungiwa. Ndiyo sababu umeme unaporudi mita haianzi upya.

Mwaka 2024 wananchi walishuhudia namna idadi ya biti inavyoweza kugusa maisha ya kila siku. Kila tokeni ya tarakimu 20 hubeba ndani yake muda ilipotolewa, ukihesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Hesabu hiyo ilitengewa biti 24. Biti 24 zinaweza kutoa namba tofauti 16,777,216 tu, na dakika hizo ni sawa na takriban miaka 32. Ukomo wake ulifika tarehe 24 Novemba 2024.

Kwa kuwa mita hukumbuka tokeni zilizokwishatumika ili zisitumike tena, hesabu ikirudi sifuri tokeni mpya zingeonekana kuwa za zamani na zingekataliwa. Ndiyo maana Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) liliwataka wateja wake kufanya maboresho ya mita kabla ya tarehe hiyo. Makundi ya tarakimu yaliyotangulia tokeni ya umeme yalikuwa na kazi ya kuandika ufunguo mpya katika kumbukumbu ya mita na kuanzisha hesabu mpya ya muda. Suala hilo, lililozikabili nchi zote zinazotumia mfumo huo wa mita duniani, lilitokana na uamuzi wa miaka mingi iliyopita kuhusu biti ngapi zitengwe.

Vishikwambi katika miteremko ya Uluguru

Mfano mwingine ni Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, iliyofanyika kwa kutumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Sensa hiyo ilihesabu watu 61,741,120 nchini, wakiwamo 3,197,104 wa Mkoa wa Morogoro.

Sehemu ya wakazi hao huishi katika miteremko ya Uluguru, milima yenye vilele vinavyozidi mita 2,600 kutoka usawa wa bahari na mabonde yaliyokatwa na vijito vinavyoingia Mto Ruvu. Minara ya mawasiliano iliyopo kwenye kilele cha Bondwa huonekana kutoka mjini, lakini mawimbi ya redio husafiri kwa mstari ulionyooka kwa kiasi kikubwa. Mgongo wa mlima ukiingilia kati, kijiji kilicho upande wa pili kinaweza kukosa mtandao hata kama mnara hauko mbali.

Kishikwambi cha aina hiyo hakilazimiki kuwa na mtandao wakati wa kuhoji. Jibu la mkuu wa kaya huandikwa kwanza katika flashi ya kifaa, na hutumwa mtandao unapopatikana. Kati ya kuhoji na kutuma, taarifa za kaya hiyo huwa ni elektroni zilizofungiwa ndani ya kifaa kilichobebwa begani. Betri ikiisha njiani, karani akifika mahali penye umeme na kuchaji, majibu yaliyokwishahifadhiwa huyakuta. Kama vishikwambi vingekuwa na RAM pekee, kila betri iliyoisha ingemaanisha kurudi kuhoji upya.

Kufuta si kuondoa

Uimara huo una upande wake wa pili. Kwa kuwa flashi hufuta kwa vitalu vikubwa, kifaa hakifuti faili mara mtumiaji anapoamuru. Kinachofanyika kwanza ni kuweka alama kwamba nafasi hiyo inaweza kutumika tena. Elektroni hubaki zilipo hadi kitalu kizima kitakapofutwa baadaye. Katika kipindi hicho, mtu mwenye programu ya kurejesha mafaili anaweza kuyapata tena, hasa katika diski mweko na kadi za kumbukumbu.

Kuna sababu nyingine pia. Kila kuandika na kufuta huchosha kihami kidogo, na seli huvumilia idadi fulani tu ya mizunguko, kuanzia takriban elfu moja hadi laki moja kutegemea aina. Ili seli zote zichakae kwa usawa, saketi ya usimamizi huhamisha uandishi kutoka sehemu moja hadi nyingine. Faili lililofanyiwa marekebisho mara kumi linaweza kuwa limeacha nakala za zamani katika vitalu kadhaa.

Jambo hilo linahusu haki ya mwananchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda. Ofisi inayogawa kompyuta zake za zamani, duka linalouza simu zilizotumika, au mzazi anayempa mtoto simu yake ya awali, wote wanashughulika na kumbukumbu zinazoweza kuwa bado zina taarifa za mtu mwingine.

Katika simu janja nyingi za kisasa, taarifa huandikwa zikiwa zimesimbwa kwa ufunguo wa siri uliopo ndani ya kifaa. Kurejesha simu katika hali ya kiwandani huharibu ufunguo huo, na zilizobaki huwa hazisomeki hata kama elektroni zipo. Diski mweko na kadi za kumbukumbu kwa kawaida hazina ulinzi huo. Zile zilizobeba taarifa nyeti ni vyema ziharibiwe kwa kuvunja chipu yenyewe badala ya kuuzwa au kutupwa.

Mtungi nao huzeeka

Si sahihi pia kudhani kwamba flashi hudumu milele. Elektroni chache hupenya kihami kadiri miaka inavyopita, na hupenya haraka zaidi kwenye joto na katika seli zilizochoka. Flashi mpya iliyotunzwa vizuri hutarajiwa kushika taarifa kwa takriban miaka 10. Lakini kwa diski za flashi za kompyuta zilizokwishafikia ukomo wa matumizi yake, kiwango cha kimataifa hudai uhakika wa mwaka 1 tu zikiwa zimezimwa katika joto la nyuzi 30, joto ambalo si geni kwa mji wa Morogoro.

Aidha, seli za sasa hubeba zaidi ya biti moja. Seli inayobeba biti 3 hulazimika kutofautisha viwango 8 vya chaji, na yenye biti 4 viwango 16. Nafasi kati ya kiwango kimoja na kingine ni ndogo, na elektroni chache zikivuja jibu linaweza kubadilika. Watengenezaji hukabili hali hiyo kwa kuongeza biti za ziada za kukagua na kusahihisha makosa, mbinu ambayo misingi yake iliwekwa na Richard Hamming mwaka 1950. Makosa yakizidi uwezo wa mbinu hiyo, faili hugoma kufunguka.

Unyevu hauingii kirahisi ndani ya chipu, lakini hula viunganishi vya shaba vilivyo nje yake. Katika upande wa mashariki wa Uluguru, unaopokea mvua nyingi, kifaa kinaweza kushindwa kusomeka kwa sababu ya kutu ilhali taarifa zilizomo bado ni nzima.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na namna kumbukumbu hizi zinavyofanya kazi, watumiaji wa vifaa vya kielektroniki nyumbani, shuleni na katika ofisi za vijiji na kata wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Kwanza, kuhifadhi kazi mara kwa mara wakati wa kuandika, hasa kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri. Kifaa cha kuhimili umeme kwa dakika chache kinatosha kuipa RAM muda wa kuhamisha kilichomo.

Pili, kuondoa diski mweko kwa kufuata utaratibu wa kompyuta badala ya kuichomoa ghafla. Wakati mwingine taarifa inayoonekana kuwa imeshanakiliwa bado ipo katika RAM ikisubiri kuandikwa.

Tatu, kutotegemea diski mweko moja kama hazina ya kumbukumbu za kikundi, shule au ushirika. Nakala rudufu iwekwe katika kifaa kingine na mahali pengine, na ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka kwa kuunganishwa na kufunguliwa.

Nne, kuweka vifaa mbali na jua kali na unyevu.

Tano, kabla ya kuuza, kugawa au kutengenezesha kifaa, kuondoa kadi ya kumbukumbu, kutoka katika akaunti zote na kurejesha kifaa katika hali ya kiwandani.

Sita, mtu aliyefuta faili kwa bahati mbaya aache mara moja kukitumia kifaa hicho na kumwona fundi. Kila taarifa mpya inayoandikwa inaweza kuchukua nafasi ya ile ambayo bado ingeweza kuokolewa.